Kabla ya Kununua Programu ya Mishahara na Fedha: Maswali Saba ya Kuuliza

ELIMU KWA UMMA

Mfanyakazi wa hoteli ya Diani anayelipwa shilingi 40,000 kwa mwezi hukatwa makato manne ya kisheria kabla pesa hazijafika kwenye akaunti yake: NSSF, bima ya afya ya SHIF, ada ya nyumba za bei nafuu na kodi ya PAYE. Kati ya Julai 2023 na Februari 2025, sheria za makato hayo zilibadilika angalau mara saba. Mwajiri ambaye programu yake haikufuata mabadiliko hayo alimkata mfanyakazi pesa zisizostahili, au aliwasilisha pungufu na kujiweka katika hatari ya kutozwa faini.

Hesabu hizi zinawahusu watu wengi kuliko wahasibu peke yao. Hoteli za Diani na Galu, shule za kibinafsi za Ukunda, vyama vya ushirika vya Lunga Lunga na Kinango, saccos, zahanati na kampuni za usafiri zote huweka rekodi za wafanyakazi na za fedha. Wengi wanaacha vitabu na faili za Excel na kuhamia programu za mtandaoni. Serikali ya kaunti nayo hulipa mishahara na kukusanya ushuru kwa mifumo ya kompyuta, na pesa zinazopita humo ni za mkazi.

Makala haya yanaeleza jinsi programu hizo zinavyofanya kazi, kile ambacho kaunti ina uhuru wa kuchagua na kile isichoweza kuchagua, na maswali saba ambayo mnunuzi yeyote anapaswa kujibiwa kabla ya kutia sahihi.

Programu ya wingu ni nini?

Zamani, ofisi ilinunua programu mara moja, ikaiweka kwenye kompyuta yake na kuitumia hadi ichakae. Programu ya wingu ni tofauti. Programu yenyewe pamoja na rekodi zote hukaa kwenye seva za kampuni inayoiuza, pengine Nairobi, pengine nje ya nchi. Ofisi huifikia kupitia intaneti na hulipa ada ya kila mwezi au kila mwaka.

Faida zake ni za kweli. Kompyuta ikiibiwa au ikiungua, rekodi hazipotei. Meneja aliye Mombasa anaweza kuidhinisha malipo ya tawi la Msambweni bila kusafiri. Sheria ikibadilika, kampuni hurekebisha programu mara moja kwa wateja wote.

Lakini kuna upande wa pili. Mteja hamiliki programu, ameikodi. Akiacha kulipa, mlango unafungwa, na daftari lake limo ndani. Ndiyo sababu mkataba unafaa kusomwa kwa makini kuliko picha nzuri za kwenye skrini.

Kaunti huchagua nini?

Baadhi ya wakazi hudhani kila kaunti hujinunulia mfumo wowote inaoutaka. Sivyo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaipa Hazina ya Kitaifa jukumu la kuweka mfumo mmoja wa fedha kwa serikali ya kitaifa na za kaunti. Mfumo huo ni IFMIS. Kwale, kama kaunti nyingine 46, hufanya malipo yake kupitia humo, na pesa hutoka kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti baada ya Msimamizi wa Bajeti kuidhinisha.

Mishahara ya watumishi wa umma nayo ililipwa kwa miaka mingi kupitia mfumo wa IPPD, na kaunti zimekuwa zikihamia mfumo mpya wa kitaifa wa HRIS. Katika ripoti zake, Msimamizi wa Bajeti amelalamika mara kwa mara kuhusu kaunti zinazowalipa baadhi ya wafanyakazi nje ya mfumo, kwa orodha zinazoandaliwa kwa mkono. Sababu ni rahisi kuelewa: orodha ya mkono haikaguliki kwa urahisi, na ndimo wafanyakazi hewa wanamoweza kujificha. Kanuni za mwaka 2015 zinaitaka kaunti isitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato yake kwa mishahara. Kila jina la bandia kwenye orodha hiyo hula nafasi ya muuguzi au mwalimu wa chekechea ambaye angeajiriwa kwa haki.

Uhuru wa kaunti kuchagua uko kwenye mifumo mingine: ukusanyaji wa ushuru wa masoko na leseni, rekodi za hospitali, mahudhurio ya wafanyakazi, na orodha ya mali kama magari na mashine. Mifumo hii ina uzito wake. Tangu Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya 2023, hospitali za umma kama ile ya Rufaa ya Msambweni zinaruhusiwa kubaki na pesa zinazokusanya na kuzitumia kuboresha huduma. Risiti isiyoandikwa kwenye dirisha la keshia ni dawa isiyonunuliwa.

Maswali yafuatayo basi yanawahusu wote wawili: afisa wa umma anayeandaa zabuni, na mwenye hoteli ya vyumba kumi na viwili anayetafuta programu ya kulipia wafanyakazi wake.

1. Kazi yenyewe hufanywaje leo?

Kosa la kwanza hufanyika kabla ya mwuzaji yeyote kupigiwa simu. Ofisi hununua programu bila kuandika jinsi inavyofanya kazi: nani huajiri, nani huidhinisha likizo, nani hutia sahihi malipo.

Halmashauri ya jiji la Birmingham nchini Uingereza ililipa ghali kwa kosa la aina hii. Aprili 2022 iliacha mfumo wake wa zamani na kuhamia programu ya wingu ya Oracle kwa ajili ya fedha na wafanyakazi. Bajeti ya mwanzo ilikuwa karibu pauni milioni 19. Badala ya kubadilisha utaratibu wake wa kazi ulingane na programu, halmashauri iliibadilisha programu ifuate mazoea ya zamani. Kazi ya kulinganisha hesabu zake na za benki ikakwama, wafanyakazi wakarudia kazi ya mkono, na kufikia 2023 gharama ilikadiriwa kufika pauni milioni 100. Septemba mwaka huo halmashauri ilitangaza rasmi kwamba haiwezi kumudu matumizi yake. Deni kubwa zaidi lilitokana na madai ya mishahara sawa kwa wanawake, lakini programu hiyo nayo ilitajwa miongoni mwa sababu.

Kwa ofisi ndogo, somo ni hili: andika hatua za kazi kwenye karatasi moja, ondoa zisizo na maana, safisha orodha ya wafanyakazi, kisha ndipo utafute programu. Orodha chafu ikihamishiwa kwenye mfumo mpya hubaki chafu.

2. Sheria ikibadilika, nani ataibadilisha programu, na kwa muda gani?

Mabadiliko saba yaliyotajwa hapo mwanzo ni haya. Julai 2023 zilianza ngazi mpya za kodi na ada ya nyumba ya asilimia 1.5. Januari 2024 ada hiyo ilisimamishwa kutokana na uamuzi wa mahakama. Februari 2024 viwango vya NSSF vilipanda. Machi 2024 ada ya nyumba ilirudi kwa sheria mpya. Oktoba 2024 SHIF ya asilimia 2.75 ilichukua nafasi ya NHIF. Mwisho wa Disemba 2024, SHIF na ada ya nyumba zilianza kuondolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kukokotolewa. Februari 2025 NSSF ilipanda tena.

Mwuzaji akileta programu kuionyesha, mnunuzi amwombe aingize mshahara mmoja wa shilingi 40,000 usio na marupurupu. Kwa viwango vya 2025, majibu yanapaswa kuwa haya:

NSSF: shilingi 2,400
SHIF: shilingi 1,100
Ada ya nyumba: shilingi 600
Mshahara unaotozwa kodi: shilingi 35,900
PAYE baada ya nafuu ya shilingi 2,400: shilingi 3,153.35
Mshahara wa kupeleka nyumbani: shilingi 32,746.65

Mwajiri naye anaongeza shilingi 2,400 za NSSF na 600 za nyumba kutoka mfukoni mwake. SHIF hulipwa na mfanyakazi peke yake.

Programu isiyoondoa SHIF na ada ya nyumba kabla ya kodi itatoza PAYE ya shilingi 3,663.35, yaani shilingi 510 zaidi. Kwa mwaka, mfanyakazi huyo atapoteza shilingi 6,120. Kwa hoteli yenye wafanyakazi mia moja wa kiwango hicho, ni shilingi 612,000 zilizotolewa mifukoni mwa watu bila sababu.

Mfanyakazi pia anaweza kujifanyia jaribio hili. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri kumpa hati ya mshahara inayoonyesha kila kato na sababu yake.

3. Gharama ya miaka mitano ni kiasi gani?

Bei ya kwanza mara nyingi ndiyo ndogo kuliko zote. Kuna ada ya kuhamisha rekodi, ya mafunzo, ya msaada wa kiufundi na ya kila mtumiaji mpya. Programu nyingi za nje hutozwa kwa dola, hivyo shilingi ikishuka, bili hupanda hata kama hakuna kilichoongezwa.

Pwani ya kusini ina jambo lake la pekee: msimu. Chukua mfano wa hoteli yenye wafanyakazi 40 kwa miezi minane, na 90 katika miezi minne ya watalii wengi. Tuseme ada ni shilingi 200 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Mkataba unaotoza idadi ya juu mwaka mzima utagharimu shilingi 216,000. Ule unaotoza walioko kazini kila mwezi utagharimu shilingi 136,000. Tofauti ni shilingi 80,000 kwa mwaka, au 400,000 kwa miaka mitano, kwa programu ile ile.

Kwa upande wa umma, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 imeweka ngao. Bei ya mkataba haiwezi kupandishwa ndani ya miezi 12 ya kwanza, na nyongeza zote zikijumlishwa haziwezi kupita asilimia 25 ya bei ya awali. Kwa hiyo kazi isiyotajwa kwenye zabuni ni vigumu kuiingiza baadaye.

4. Data ni ya nani, na itatokaje siku ya kuachana?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lenyewe linaweza kuwa kwa mtu mwingine.

Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri ahifadhi rekodi za mfanyakazi kwa miaka mitano baada ya ajira kwisha. Sheria ya taratibu za kodi nayo inataka nyaraka za kodi zihifadhiwe miaka mitano. Mwajiri akivunja mkataba na mwuzaji leo, KRA bado inaweza kudai hesabu za miaka iliyopita. Kusema kwamba rekodi zimebaki kwenye programu aliyoiacha hakutamwokoa.

Mkataba basi useme wazi mambo matatu: data yote ni mali ya mteja, anaweza kuipakua wakati wowote katika muundo unaofunguka kwenye programu nyingine, na baada ya mkataba kwisha atapewa muda unaojulikana wa kuichukua kabla haijafutwa. Bora zaidi, mteja apakue nakala kila mwezi baada ya kulipa mishahara na kuihifadhi mwenyewe.

Kuna pia faragha. Rekodi za wafanyakazi zina namba za vitambulisho, akaunti za benki, hali ya ndoa, majina ya watoto, pengine na alama za vidole. Nyingi kati ya hizo ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wahusika, mwajiri anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72. Ili aweze, mwuzaji naye lazima amjulishe mwajiri mapema. Sheria inataja saa 48. Na kama seva ziko nje ya Kenya, mwuzaji aseme ziko nchi gani na data inalindwaje huko.

5. Nani anaweza kufanya nini ndani ya mfumo?

Programu nzuri hutenganisha kazi. Anayeingiza jina jipya la mfanyakazi asiwe ndiye anayeidhinisha mshahara. Anayebadilisha namba ya akaunti ya benki asiwe ndiye anayelipa. Kila badiliko liache alama: nani, lini, kutoka nini kwenda nini.

Kenya imeshaona hatari ya kulegea hapa. Katika kashfa ya NYS ya mwaka 2015, iliyohusu shilingi milioni 791, suala la nani alitumia nenosiri la nani ndani ya IFMIS lilikuwa katikati ya uchunguzi. Mfumo ulikuwepo na ulikuwa wa kisasa. Lakini nenosiri likipita mikononi mwa watu wengi, alama zinazobaki hazimwonyeshi mtendaji wa kweli.

Kila mtu awe na nenosiri lake, liungwe mkono na namba ya siri inayotumwa kwa simu, na anayeacha kazi afungiwe siku hiyo hiyo.

6. Intaneti au stima ikikatika, nini kitaendelea?

Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za mawasiliano za EASSy na SEACOM zinazopita chini ya bahari zilikatika upande wa kusini mwa Afrika. Intaneti ikawa ya taabu Afrika Mashariki kwa siku kadhaa, ingawa Mombasa ndiko nyaya nyingi zinakotua nchi kavu. Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Na mwezi mmoja kabla ya hapo, Julai 2023, mashambulizi ya mtandaoni yaliizuia eCitizen kufikiwa na wananchi.

Mnunuzi aulize: je, keshia ataweza kutoa risiti bila intaneti, na je, zitaingia zenyewe mtandao ukirudi? Je, orodha ya mishahara inaweza kupakuliwa siku tatu kabla ya siku ya malipo? Kwa kituo kilicho Vanga au Samburu, ambako mtandao wa simu hutofautiana na ule wa Ukunda, jaribio lifanyike pale pale kituoni, kwa laini itakayotumika.

7. Nani atawafundisha watu, na mifumo miwili itakwenda sambamba kwa muda gani?

Februari 2016, serikali ya Kanada ilianza kutumia mfumo mpya wa mishahara ulioitwa Phoenix. Ulikusudiwa kuwalipa watumishi wapatao 290,000 na kuokoa dola milioni 70 za Kanada kila mwaka. Makarani wengi wenye uzoefu wa mishahara walikuwa wameshaondolewa katika idara zao, na jaribio la kuanza na idara chache lilifutwa. Makumi ya maelfu ya watumishi walilipwa pungufu, wakalipwa kupita kiasi au hawakulipwa kabisa. Akiba iliyotarajiwa iligeuka gharama ya mamilioni mengi.

Kinga yake ni rahisi. Mfumo wa zamani na mpya uendeshwe pamoja kwa miezi miwili au mitatu. Kila mwezi, jumla za mifumo yote miwili zilinganishwe, kisha hati ya kila mfanyakazi mmoja mmoja. Tofauti ya hata shilingi moja itafutiwe sababu. Na karani anayezijua kesi ngumu, kama likizo ya uzazi, malimbikizo ya nyongeza na wanaohamishwa, asiondolewe. Ndiye mwalimu wa mfumo mpya.

Mkazi anaingia wapi?

Mifumo ya kaunti hununuliwa kwa pesa za umma, na Katiba, katika kifungu cha 201, inataka matumizi ya fedha hizo yawe ya wazi na yawashirikishe wananchi. Kalenda ya bajeti inajulikana. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufikishwa kwenye Bunge la Kaunti kufikia 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mkazi akiona fungu la mfumo wa kompyuta kwenye nyaraka hizo, ana haki ya kusimama kwenye mkutano wa wadi na kuuliza yale yale saba.

Asiyeweza kufika mkutanoni anaweza kuandika. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ofisi ya umma inapaswa kujibu ombi la habari ndani ya siku 21. Ikikaa kimya au ikikataa, mkazi anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala.

Maombi kama hayo hujibika vizuri yakiwa mahususi. Badala ya kuuliza kama mfumo ni mzuri, mkazi aulize mkataba ni wa miaka mingapi, gharama yake yote ni kiasi gani, data inahifadhiwa wapi, na kaunti itaichukuaje mkataba ukiisha. Afisa aliyefanya kazi yake vizuri atakuwa na majibu hayo mezani.